Mama Mkwe Amefika Digrii Thelathini na Sita

Leo nimejivua nguo mbele ya parokia nzima. Si nguo za mwilini, hizo nilikuwa nazo (ingawa asubuhi zilikosekana kidogo, mtaona). Nasema heshima. Iliyobaki imetosha tu kunifikisha hapa sokoni, ninapoandika nimesimama. Someni polepole.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Sifichi. Béa, mke wangu, husema siku nitakapofika mbinguni nitamwomba Petro kitambulisho. Basi hata hiyo tabia yangu leo haikunisaidia kitu. Ilinichimbia shimo, ikanisukuma humo.

Mwezi huu mama yake Béa alikuja kukaa kwetu Likasi kutoka Kapolowe. Kifua chake si kizima, na baridi ya msimu huu haina adabu. Kule anaishi peke yake, nyumba ya mabati, upepo wa mashamba unaingia popote unapotaka. Béa anataka abaki kwetu moja kwa moja. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema atatazama kwanza namna tunavyokaa, na Jumapili baada ya misa atatoa jibu. Jumapili yenyewe ndiyo leo.

"Papa Merveille," Béa aliniambia (Merveille ni binti yetu, yuko kwa shangazi yake kwa likizo), "mama akirudia Kapolowe na hii baridi, minye sitalala tena. Fanya angalisho. Usiharibu."

Usiharibu! Nani, mimi?

Ugumu ni huu. Kwetu, mkwe na mama mkwe kuna bukwe kati yao. Hamzungumzi ana kwa ana. Hamtazamani. Mkikutana njiani, unapisha na kuinamisha kichwa. Chumba chake hukanyagi hata nyoka akiingia. Neno lolote linapitia kwa mke. Miaka yote hii ya ndoa, mimi mama mkwe wangu namjua kwa miguu: viatu vyeusi, vidogo, vya kufunga pembeni, kimoja kifungo chake ni cha rangi ya kahawia kwa sababu cha asili kilipotea. Uso wake nimeuona vizuri kwenye picha ya harusi tu.

Sasa nitajuaje chumba chake kina baridi kiasi gani, bila kuingia, bila kuuliza? Mimi ni fundi umeme kiwandani. Nikasema: teknolojia.

Nikaenda mjini kwa muuzaji mmoja wa vitu hivyo. Akanipangia mezani vipima joto vya aina tatu, vyote visivyo na waya, akasugua mikono. Sikupenda alivyosugua mikono.

"Hii ya kwanza ni ya Wi-Fi, patron. Utaona joto ya nyumba yako hata ukiwa Lubumbashi."

"Habari inapitia wapi?"

"Mu serveur. Inje kule."

Nje kule! Yaani kuna bwana ng'ambo mwenye kompyuta ya kutunza habari, sijui hata dini yake, naye ajue mama mkwe wangu analala kwenye joto gani? Tena umeme ukikatika, Wi-Fi inakata roho pamoja nao. Nikakisukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Basi hii. Pile yake, betri, inakawia sana. Lakini inaomba kaboîte ka katikati, njo kanapokea habari ya bacapteurs yote."

"Kaboîte kanakula courant?"

"Eeh. Kanabakiaka mu courant saa yote."

Nilicheka mpaka akaudhika. Saa yote! Nani mtaani kwetu ana umeme saa yote? Halafu kisanduku kikizimika, vipima vyote nyumbani vinakuwa bubu kwa mpigo. Mimi sitaki nyumba ambamo wote wananyamaza kwa sababu mmoja amelala.

Cha tatu ndicho kilichonishika. Cha Bluetooth, cheupe, ukubwa wa biskuti, chenye kioo kidogo cha namba. Kinaongea na simu moja kwa moja. Hakuna kisanduku cha katikati, hakuna serveur, hakuna bwana wa ng'ambo. Masharti yake ni kwamba simu iwe karibu. Ukienda mbali kinapotea.

"Na haka kasura hapa chini ya namba?" niliuliza.

"Aah, ile ni décor tu, pambo. Joto ikiwa muzuri, kanacheka. Ikiwa baridi ao joto mingi, kananuna."

Nikapuuza. (Mimi! Mtu ninayeshuku chumvi kama ni chumvi. Kasura nikakapuuza.)

Nilichukua vitatu. Nyumbani nikaviweka pamoja ndani ya sufuria tupu, nikafunika, nikasubiri. Sufuria moja, hewa moja, na kila kimoja kikasema lake! Waongo walikuwemo, ila sikujua nani. Kile kilichopishana na wenzake nikakiweka chumbani kwetu, kwa kuwa huko naweza kukisahihisha kwa ngozi yangu. Kilichoonekana mwaminifu kuliko vyote kikawa cha mama. Kwenye simu nikavipa majina: Salon, Sisi, Mama.

Nikafanya zaidi. Nikaiamuru simu ipige king'ora, kile cha zimamoto, ikiwa Mama atapita digrii ishirini na nane. Sababu ni mbabula. Kila msimu wa baridi kuna watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wanafunga dirisha, na asubuhi hawaamki. Na mama mwenye kifua kile! Hapana.

Kwa kuwa mimi siingii, Béa ndiye aliyekibandika ukutani mama alipokuwa akioga, mkabala na kitanda. Nilimwambia amweleze mama ni kitu gani. Béa aliitikia kwa kichwa. (Mtu akiitikia kwa kichwa huku anakaanga samaki, msihesabu kwamba amesikia.)

Kila alfajiri nilifungua simu. Mama: kumi na saba. Mama: kumi na sita. Nilimwonyesha Béa, tukasikitika wote wawili, nikavuta blanketi, nikalala tena. Nilijiona mkwe mwema kweli.

Ndipo ikaja leo.

Béa alitoka mapema kwenda mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa bafuni, kichwa chote povu. Simu ilikuwa dirishani. Ghafla king'ora!

Nikafungua jicho moja, sabuni ikaingia. Mama: ishirini na tisa. Nikajimwagia maji ya haraka. Mama: thelathini na mbili. Mbabula! Nikajifunga taulo. Mama: thelathini na nne! Nikakimbia ukumbini nikitoa povu njia nzima, nikafika mlangoni pake, nikasimama.

Bukwe.

Nikageuka, nikaupa mlango mgongo, nikauambia ukuta wa mbele yangu kwa sauti kubwa: "Kama kuna muntu mu chambre, afungule dirisha!"

Nikatega sikio.

"Minye sisemi na muntu. Nasema na ukuta. Lakini kama kuna muntu, akohoe tu!"

Hakuna kikohozi. Nikatazama simu. Mama: thelathini na tano. Halafu namba ikafifia, yakatokea maneno: Mama, hakuna mawasiliano.

Kimeungua! Moto umefika ukutani, kipima joto kimeyeyuka, na mama yuko humo! Nikatoka nje na taulo langu, nikamwita jirani yetu Trésor, ambaye tunakaa naye parcelle moja, ua mmoja. Ni mpentekoste, fundi wa simu, na tangu nilipoleta vile vipima ameuliza maswali mengi mno kwa mtu asiye na nia.

"Trésor! Weye hauko mukwe yake! Ingia, umutoshe mama inje!"

Alikuwa na kikombe mkononi. Alikitupa, akaingia kwa bega. Mimi nikabaki nje nikiupa mlango mgongo, nimeshika taulo kwa mikono miwili, nikiomba watakatifu wote ninaowafahamu.

"Papa Merveille," sauti ya Trésor ikatoka ndani, taratibu. "Hapa hakuna muntu."

"Moto je?"

"Hakuna moto. Iko baridi tu. Kitanda kimetandikwa."

"Na capteur ku ukuta?"

"Iko scotch tu ya kubandikia. Capteur haiko." Kisha akaongeza: "Papa, kuna na bagage hapa ku mulango. Imefungwa na kamba."

Begi la mama limefungwa! Basi jibu la leo ameshalitoa moyoni, na jibu ni Kapolowe. Béa hatalala tena. Na mimi nimefanya nini? Nikaona uchungu wa kweli, hapo kwenye ukumbi, miguu ikidondosha maji.

Lakini uchungu wangu hukaa kidogo, shaka ikaupiga kumbo. Kama hakuna moto, ile thelathini na tano imetoka wapi? Nikafikiri kama fundi. Ukuta haupati joto hilo. Mkono wa mtu unapata. Kuna mtu amekibandua, amekifumba kiganjani, kikapata joto la mwili, kisha akaenda nacho. Mwizi! Na mama, akiona wizi ndani ya nyumba ya mkwe wake, ndiyo maana kafunga begi!

Nikamtazama Trésor aliyekuwa anatoka.

"Lete mikono."

"Mikono ya nini?"

Nikaishika. "Iko moto!"

"Minye nilikuwa nakunywa chai! Na si njo weye umeniita?"

"Mwizi muzuri njo anaitwaka."

Trésor alinitazama kuanzia povu la kichwani hadi vidole vya miguu. "Vaa nguo," akasema. "Tutaenda wote wawili. Nitakufwata mpaka upate ule mwizi, na siku utamupata utaniomba pardon mbele ya bantu."

Nilivaa, tukapekua parcelle nzima muda wa misa nzima bila kupata kitu, kisha tukapanda pikipiki hadi parokiani, kwa sababu nilitaka kumwahi Béa kabla mama hajatamka jibu. Misa ilikuwa imetoka. Uwanja umejaa. Akina mama wa chama chao wamevaa vitenge sare, wamesimama makundi makundi, watu wanasalimiana. Trésor, ambaye hajawahi kukanyaga kwa wakatoliki, alisimama langoni kama mtu anayejaribu maji kwa kidole.

Nikapiga hatua chache ndani. Simu ikalia. King'ora cha zimamoto, uwanjani kwa Bwana!

Mama: thelathini na sita.

Watu wote wakageuka. Hapo mtu mwenye akili angezima simu na kwenda zake. Mimi nikainyanyua juu.

"Bandugu! Muntu asitoke! Kuna mwizi hapa kati yetu, na kintu yangu iko naye!"

Mama Présidente, kiongozi wa akina mama, akaja mbele na mkoba wake. "Mwizi ku misa, Papa? Ameiba nini?"

"Capteur. Inapima joto. Iko hapa karibu, simu inaisikia. Nikimusogelea, babarre ya signal itajaa."

Mngeona watu walivyofurahi. Hakuna kitu kinachowapendeza watu waliotoka kuungama kama dhambi ya mwingine. Wanaume wakageuza mifuko wenyewe. Mama Présidente alifungua mkoba wake: kitabu cha nyimbo na kipande cha muhogo. Bwana mmoja mwenye koti nene nilimzunguka mara kadhaa, koti lile sikuliamini kabisa, lakini mistari ya simu haikupanda.

"Fwata barre, Papa!" Trésor alinihimiza nyuma yangu. (Alikuwa anafurahia kupita kiasi. Lakini mwizi hafurahii hivyo, nikaanza kumtoa kwenye hesabu.)

Nikainamisha kichwa, macho kwenye kioo, nikatembea. Mstari mmoja. Miwili. Nikakata kushoto, ikapungua. Nikarudi kulia, mitatu. Watu wakanifuata kwa nyuma, wananong'ona. Minne! Nikanyoosha mkono ulioshika simu mbele kabisa, nikaongeza hatua moja, na mistari ikajaa yote.

"Huyu hapa!" nikapiga kelele.

Mimi bado nilikuwa nimeinama. Kupita ukingo wa simu nikaona ardhi, na juu ya ardhi nikaona viatu. Vyeusi. Vidogo. Vya kufunga pembeni. Kimoja kifungo cha kahawia.

Ndugu zangu.

Simu yangu, kwa mkono wangu, ilikuwa imeelekezwa katikati ya kifua cha mama mkwe wangu, umbali wa kiganja kimoja, na bado inapiga king'ora.

"Papa Merveille!" Hiyo ilikuwa sauti ya Béa, akitoka kwenye kundi la kwaya. "Shusha ile simu!"

"Papa," Mama Présidente aliuliza polepole, "unatafuta nini mu kifua ya mama?"

Kuna mtu alianza kucheka, akajifunika na kitenge. Nilitaka ardhi ipasuke. Ardhi ya Likasi imechimbwa kila mahali, leo ikakataa hata tundu dogo.

Nikaona mikono yake ikiingia kifuani, ikatoa kitambaa kilichofungwa fundo, ikafungua. Ndani rozari. Na kando ya rozari, kipima joto changu. Akakiinua juu ili kila mtu akione. Kasura kamenuna, kwa sababu ya joto.

"Trente-six," Trésor aliisoma namba kwa sauti ya daktari. "Mama haiko na homa."

Nilitamani kumpiga.

"Béa," mama akasema, kwa desturi, ingawa mimi nilikuwa hapo hapo. "Ulizia bwana yako. Haka kantu, juu ya nini kananiangaliaka mu chambre? Usiku kananuna. Muchana jua ikiingia, kanacheka. Minye navaa nguo, keko kanacheka! Nikaona: mukwe amenichoka. Ametia jicho ku ukuta, achunguze vile nalala na vile nasali, apate neno ya kunirudisha. Nikafunga bagage yangu. Na jicho yenyewe nikakaleta, padri akaone."

Béa akanigeukia. "Haukumuelezea?"

"Minye? Nisemeshe mama? Weye njo ulipashwa kumuelezea! Nilikuambia!"

"Uliniambia saa gani?"

"Ulikuwa unakaanga samaki!"

"Sasa samaki yenye kulia mu mafuta, ningekusikia wapi?"

Watu walikuwa wameshaacha kujificha, wanacheka wazi. Hata padri, mlangoni pa sakristia, alikuwa anatazama mbinguni huku mabega yanamtikisika. Lakini Béa hakuwa anacheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na nikajua anafikiria lile begi lenye kamba. Hapo nikaacha kuona haya, nikaogopa kweli.

Ndipo mama akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu nimwoe binti yake. Viatu viligeuka, vikanielekea.

"Mukwe."

Ameniita! Mimi, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu!

"Mukwe, weye ulikuwa unatafuta kuyua nini?"

"Baridi, mama," niliviambia vile viatu. "Niliogopa baridi ya chambre yako. Na kifua yako."

"Ukakuta nini?"

"Iko na baridi, mama. Seize, kumi na sita. Kila asubuhi."

"Uliona kila asubuhi?"

"Kila asubuhi, mama."

Viatu vikasogea hatua moja.

"Na blanketi iko wapi?"

Mnisikie vizuri: fundi umeme mzima, nimelinganisha Wi-Fi na Bluetooth, nimekataa serveur, nimekataa kisanduku cha katikati, nimepika vipima joto kwenye sufuria, na blanketi sikununua. Béa naye alitazama chini, maana tulikuwa tunasikitika pamoja.

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Mama Présidente aliketi chini kabisa na kitenge chake cha sare. Bwana wa koti nene alishikwa na kikohozi. Trésor alisubiri watulie, akanishika bega, akasema, "Sasa, ile pardon yangu." Nikamwomba radhi mbele ya wakatoliki wote, na yeye akaipokea kwa kuinua mikono, ile ile ya moto.

Hukumu ya mama ilikuja kupitia kwa Béa, maana bukwe ilirudi mara moja. Aletewe kuku, kwa ajili ya heshima niliyovunja kwa kumwelekezea simu mwilini. Aletewe blanketi. Begi libaki na kamba yake. Akilala leo akiwa na joto, kesho atalifungua na kukaa. Akisikia baridi, kesho yuko barabara ya Kapolowe. Na kale kantu kenye sura kawekwe chumbani kwangu, kanicheke mimi.

Basi niko sokoni. Kuku yuko kwapani, Trésor anamshika miguu asinichafue. Muuzaji wa blanketi anaapa kwa mama yake kwamba hii ni sufu tupu. Nimeivuta, nimeinusa, nimeing'ata pembeni akiwa ameangalia kwingine. Béa ametuma ujumbe: nunua tu, wacha kushuku. Nanunua.

Msinicheke. Na anayecheka, kwanza aseme yeye wiki hii blanketi amempelekea nani.